Dunia Ilipopitia Korogwe

Vijana wa ofisini waliponiaga waliniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi ya simu ilivyokuwa kabla simu haijaingia mfukoni. Nadhani waliomba kwa adabu tu, wakitumaini nitasahau. Mstaafu ana muda wa kusahau, lakini wa kuandika anao pia.

Mimi ni mzaliwa wa Mashewa. Niliajiriwa kuwa opareta wa simu pale Korogwe nikiwa na cheti cha kidato cha nne na sauti ambayo mwalimu wetu wa kwaya alisema haifai kwaya. Siku ya kwanza nilivaa viatu vipya vilivyonibana. Hakuna aliyeviona, maana opareta hukaa kutwa nzima miguu ikiwa chini ya meza.

Mbele yangu palikuwa na swichibodi. Kwa ninyi ambao hamkuiona: ni kabati la mbao lenye matundu mengi, kila tundu ni mteja mmoja, na juu ya kila tundu kuna kijifuniko cha bati. Mteja akizungusha mkono wa simu yake, kifuniko chake kinaanguka, tak. Unachomeka kamba, unauliza anamtaka nani, unachomeka kamba ya pili kwenye tundu la huyo anayetakiwa, unampigia kengele. Wakishaunganika, unawaacha. Ndiyo kazi yote. Yaliyobaki ni tabia za watu.

Aliyenifundisha aliitwa Mama Shemweta, mkuu wa zamu, mwanamke mnene asiye na haraka, aliyekuwa akifuma sweta huku akiunganisha simu, na sikuwahi kumwona akikosea kimojawapo. Mteja wangu wa kwanza alitaka Tanga. Laini za Tanga zote zilikuwa na watu, nami nikamwambia hivyo. Mama Shemweta akaweka sindano zake chini.

"Mwanangu, umemwambia nini huyo?"

"Nimemwambia Tanga hakuna laini."

"Hapa hatusemi hakuna. Tunasema bado."

"Tofauti yake nini, mama?"

"Ukimwambia hakuna, anakasirika. Ukimwambia bado, anakaa."

Baadaye niligundua kwamba nchi nzima ilikuwa ikiendeshwa kwa kanuni hiyo hiyo.

Fundisho la pili lilihusu masikio. Opareta alipaswa kuingia kwenye laini mara kwa mara na kuuliza, "Mnaongea?" Wakinyamaza, unachomoa. Kwa njia hiyo nilijua posa, misiba na ugomvi wa urithi kabla ya wenyewe. Mama Shemweta alisema yote hayo yabaki mezani ninapokwenda nyumbani. Ilinibidi kwenda sokoni, kuhadithiwa habari niliyoiunganisha mwenyewe jana yake, na kusema, "Hee! Usiniambie!" Opareta mzuri ni mtu anayejua kushangaa.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Handeni, kwenye chumba kidogo nyuma ya posta. Sababu ya uhamisho sikuambiwa, nami sikuuliza. Handeni haikuwa na njia yake ya kwenda popote. Kila simu ya nje ilipita kwanza Korogwe kwa Mama Shemweta. Laini ya kwenda Korogwe ilikuwa moja. Kwenye ramani ya ofisi zilichorwa tatu, lakini mbili zilikuwa za wino tu. Sisi maopareta hatukuitana kwa majina. Yeye aliniita Handeni, mimi nilimwita Korogwe. Akiwa na huruma aliongeza "mwanangu".

Laini hiyo moja ilitunzwa na fundi mmoja, Mzee Mhina, Mzigua wa Misima, mwenye baiskeli, mkanda wa ngozi na viatu vya chuma vyenye meno vya kupandia nguzo. Mwanzoni adui yake alikuwa mchwa, na mchwa ana utaratibu: anakula nguzo kuanzia chini, unamwona, unajiandaa. Kisha likaja soko huria. Kila kitu kikapata bei, na waya wetu wa shaba pia. Wakaja wanunuzi wa vyuma chakavu, na sehemu ya laini ikatoweka. Mzee Mhina aliomba waya mpya, akajibiwa kwamba shirika linafanyiwa marekebisho. Akaenda kwenye shamba la mkonge lililokuwa limetelekezwa, akafungua waya wa uzio, akaunga. Kwa muda mrefu mazungumzo yote ya Handeni na ulimwengu yalipita kwenye uzio wa mkonge. Sauti zilikuwa na kutu kidogo, lakini zilifika.

Soko huria lilileta pia wafanyabiashara wa mahindi. Walikuja na malori kutoka Dar, na kabla ya kununua gunia lolote walikuja kwangu kupiga simu kuuliza bei ya mjini. Wakulima walisubiri nje. Kibanda cha kupigia simu kilikuwa na kila kitu isipokuwa mlango, na kwa kuwa uzio wa mkonge haukupenda watu wanaonong'ona, wafanyabiashara walilazimika kupiga kelele. Bei ya Dar ilisikika mpaka stendi. Msimu ule mahindi ya Handeni yalipanda bei, na mfanyabiashara mmoja akanifuata akiwa amenuna.

"Dada, kwa nini hufungi mlango?"

"Uko wapi, kaka, niufunge?"

Aliutafuta. Baadaye aliacha, akajifunza kupiga simu kutoka Korogwe.

Sasa nifike kwa Nils. Alikuwa kijana mrefu kutoka nchi moja ya kaskazini mwa Ulaya, mwenye ndevu laini na Kiswahili cha darasani, aliyetumwa na mradi wa kuunganisha wilaya maskini na dunia kwa kompyuta. Alipewa chumba katika ofisi za wilaya, ng'ambo ya uwanja wetu, dirisha lake likitazama dirisha langu. Ndani yake kulikuwa na kompyuta moja, kitambaa cha kuifunika, na kijisanduku cha kuifanya izungumze kwa simu. Siku ya kwanza kifuniko chake kilipoanguka nikauliza anamtaka nani.

"Shikamoo mama. Ninaomba dunia."

"Marahaba. Dunia iko Dar es Salaam, mwanangu. Subiri."

Ilikuwa kweli. Kompyuta ya kupokelea ilikuwa Dar. Mimi nilimwomba Korogwe, Korogwe akamwomba mwenzetu wa Tanga, Tanga akapiga Dar. Kisha ukaja mlio, kama senene wanaokaangwa, na ilitupasa wote tukae kimya, kwa sababu mmoja wetu akiingia kuuliza "Mnaongea?" barua za Nils zilikatika katikati ya neno. Wageni waliokuja kuitazama intaneti ya Handeni waliangalia kompyuta. Intaneti ya Handeni ilikuwa wanawake watatu waliokatazwa kusema.

Nils hakuwa mtu mbaya. Alikuja kuniomba radhi kila alipochukua laini kwa muda mrefu, na wakati barua inakwenda alikaa kwenye benchi langu akinisimulia kwao. Alisema huko hata zizi la ng'ombe lina simu. Nilimuuliza ng'ombe wanampigia nani. Alifikiri kwa makini, akasema ni mashine ya maziwa ndiyo inayompigia mwenye ng'ombe.

Ikaja siku ya maonyesho. Wageni wakubwa walikuwa wakija kutoka mkoani, Dar na nchi za nje, nasi tukaagizwa laini iwe ya kompyuta tangu asubuhi hadi shughuli itakapokwisha. Itakwisha lini hakuna aliyejua. Siku hiyo chuo kikuu cha kina Nils kingetuma picha, na picha hiyo ingejitokeza kwenye kioo cha kompyuta mbele ya wageni.

Asubuhi hiyo hiyo alikuja Mzee Lemburis, mfugaji wa mbugani, mrefu, mwenye lubega nyekundu na fimbo. Binti yake Nasieku, mwenye mimba ya kwanza, alikuwa amezidiwa na uchungu, na gari la wagonjwa lilikuwa limempeleka Tanga. Mzee aliambiwa awe anapiga simu wodini kuuliza hali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nipe Tanga. Nipe Nasieku."

"Bado, mzee."

Alikaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti. Hakuuliza tena. Afadhali angeuliza.

Maonyesho yakaanza. Sikio moja lilikuwa na senene wangu, jingine lilisikia makofi kupitia dirishani. Nils alikuwa amenieleza kwamba picha hushuka kipande kwa kipande kutoka juu, kama mtu anayeteremsha pazia. Kila kipande kilipotokea, wageni walipiga makofi. Nilisikia kipande cha anga, kipande kingine cha anga, kisha mtu akasema kwa sauti kwamba sasa anaona paa. Mzee Lemburis aliniuliza kuna harusi gani. Nikamwambia ni picha inaingia. Akauliza inaingia wapi. Nikasema Handeni.

Ghafla ndani ya mlio ule ikaingia sauti ya Mama Shemweta. Kwa miaka yote sikuwahi kumsikia akipaza sauti.

"Handeni! Handeni! Mwanangu, unanisikia?"

"Nakusikia, Korogwe. Utaharibu picha ya watu."

"Nina wodi ya wazazi hapa, Tanga. Wanamtafuta ndugu wa Nasieku Lemburis. Mtoto amekwama, mama mtu hana fahamu. Wanataka kumpasua, wanataka damu ya ndugu, na nesi anataka kumsikia baba mwenyewe. Hataki maneno ya kupokezana."

"Mzee yuko hapa mbele yangu."

"Basi niachie laini."

Senene bado walikuwa wakikaangwa, kwa shida kidogo. Nilitazama dirishani. Nilimwona Nils ameinama juu ya kioo, na nyuma yake migongo ya suti. Nilijua wazi kwamba nikichomoa, kesho huenda nikarudi Mashewa kupalilia maharage. Tena sikuwa peke yangu niliyekuwa nikila mshahara ule. Nilikuwa nikisomesha wadogo zangu wawili. Mkono wangu ulikuwa juu ya kamba. Mzee Lemburis alikuwa amesimama. Alikuwa amesikia jina la mtoto wake likitoka kinywani mwangu? Sikuwa nimelitamka. Nadhani aliona uso wangu.

Nikachomoa kamba ya dunia, nikachomeka ya Lemburis.

Makofi yalikoma. Mzee aliingia kibandani, akakamata simu kwa mikono miwili. Aliongea kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde.

"Mimi! Mimi baba yake! ... Mpasueni! ... Damu ipo. Mimi ninayo, na ndugu zake wanayo, wako mnadani, tunakuja. Mwambieni Nasieku tunakuja. ... Kama hasikii, mwambieni tu."

Wakati huo ofisa mmoja wa wilaya alikuwa amevuka uwanja mbio, tai ikiwa imehamia begani.

"Nani amekata?"

"Mimi."

"Unajua ni nani wako mle ndani?"

"Najua. Nimesikia makofi yao."

"Rudisha sasa hivi!"

"Bado, mkubwa."

Alifungua kinywa. Kisha akamwona mzee kibandani, akasikia anachosema. Hakukuwa na mlango wa kumzuia asisikie. Akairudisha tai mahali pake na kukaa kwenye benchi.

Nils alikuja nyuma yake. Nilimweleza. Akabadilika rangi, akauliza maswali mawili ya maana, akarudi kwa wageni. Niliambiwa baadaye kwamba alisimama mbele yao na kusema kwa Kiswahili chake cha darasani, "Waheshimiwa, dunia imechomolewa kwa sababu ya mgonjwa." Kwenye kioo ilibaki nusu ya picha: anga, paa, na jengo lenye madirisha, lisilo na chini. Wageni walikunywa soda.

Basi la Tanga lilikuwa limeshaondoka. Mzee Lemburis na wanawe wawili walipanda lori la mahindi, juu ya magunia. Walifika. Walitoa damu wote watatu. Nasieku alipona. Mtoto hakupona. Nawaandikia yote mawili kwa sababu kila ninaposimulia hadithi hii watu huniuliza lile la kwanza tu.

Niliitwa Korogwe kujieleza. Mama Shemweta aliitwa pia, akaja na sweta yake. Meneja alikuwa mtu wa sheria.

"Nani aliingilia laini iliyokuwa imehifadhiwa?"

"Mimi," alisema Mama Shemweta bila kuinua macho.

"Na nani aliikata?"

"Mimi," nikasema.

"Kanuni zinasemaje kuhusu simu za dharura?"

"Hutangulia nyingine zote, mzee," nikajibu.

"Kwa hiyo simu ya kompyuta haikuwa ya dharura?"

Mama Shemweta alimaliza mstari wake wa sufu. "Meneja," alisema, "ile picha ilikuwa ya nini?"

Meneja alitafuta kwenye jalada lake. Hakuna aliyekuwa ameandika picha ilikuwa ya nini. Nikaambiwa nisirudie. Sikuahidi, wala hakuna aliyekaa kusubiri ahadi yangu. Nikarudi Handeni kwa lori, nikiwa bado na mshahara wangu.

Baada ya majuma kadhaa Mzee Lemburis alikuja tena. Nilidhani anataka Tanga. Hapana, alimtaka yule mwanamke wa Korogwe aliyepiga kelele. Nikawaunganisha, na kwa kuwa zilikuwa salamu tu, nilibaki kwenye laini bila aibu.

"Takwenya!" alisema mzee, kama wanavyosalimiwa wanawake kwao.

Inapasa kuitikiwa "Iko". Mama Shemweta hakujua.

"Mimi mzima, mzee, sijui wewe."

Uzio wa mkonge ukakwaruza.

"Nasieku anatembea," alisema mzee.

"Mungu ni mkubwa."

"Anakwenda mpaka kisimani."

"Mungu ni mkubwa sana, mzee wangu."

Kisha hawakuwa na la kuongeza, lakini hakuna aliyeweka simu chini. Ilikuwa juu yangu kuuliza "Mnaongea?" Sikuuliza.

Nils alimaliza mkataba wake. Alikuja kuniaga na kuniuliza, kama angeweza kuwaomba watu wa kwao watutumie kitu kimoja, kingekuwa nini. Nilimwambia waya. Alicheka, akaona sicheki, akaandika. Nilimwita Mzee Mhina aliyekuwa akipaka mafuta mkanda wake nje, naye akamtajia unene wa waya unaofaa. Muda ulipita. Siku moja likaja kontena zima kutoka kwao, na wilaya ikafanya sherehe ya kulipokea. Zilikuwemo kompyuta zilizotumika, nyingi kuliko wafanyakazi wa wilaya wanaojua kuandika kwa mashine, zenye herufi za lugha yao kwenye vitufe. Mzee Mhina alisaidia kushusha mpaka boksi la mwisho. Alirudi akanawa mikono.

"Vipi, mzee?"

"Wametuma vya kuongelea," alisema. "Vya kupitia, hapana."

Mitambo ya kisasa ilifika Handeni miaka kadhaa baadaye, tukiwa karibu wa mwisho nchini. Ilijengewa chumba chake chenye kiyoyozi. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na chumba Handeni chenye baridi mwaka mzima, na ndani yake hakukuwa na mtu. Kila mteja alipewa namba yake, akawa anapiga simu mwenyewe bila opareta. Fundi kutoka Dar, kijana safi mwenye koleo mpya, alikuja kukata nyaya za swichibodi yangu.

Asubuhi hiyo alikuwepo bibi mmoja wa Kizigua ambaye mwanawe alikuwa mlinzi Dar. Alikuwa akija kila mwezi kumpigia kupitia duka la jirani wa mwanawe huko Dar. Mara nyingi mwanawe hakuwepo, nami nilimuuliza mwenye duka habari zake na kumfikishia bibi: yuko kazini, ni mzima, anasalimu, atakuwepo Alhamisi.

"Mwanangu, wanasema sasa nitapiga mwenyewe."

"Ndiyo, bibi. Ni rahisi, nitakuonyesha."

"Nikipiga na hayupo?"

"Itaita tu."

"Itaita mpaka lini?"

"Mpaka ikatike yenyewe."

"Na nitajuaje kama yuko kazini au amekufa?"

Nilitazama mashine mpya kupitia kioo cha mlango, na taa zake za kijani. Nikamwambia kwamba hilo haitamwambia. Alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei.

"Basi leo nipigie wewe."

Nilimwomba fundi asubiri. Nikaita Korogwe, Korogwe akaita Tanga, Tanga akapiga Dar, na mwenye duka akaenda kumwita. Alikuwepo. Bibi alimwambia mvua imechelewa, mbuzi mmoja amezaa, na shangazi yake anaumwa mguu uleule. Mwanawe alisema ndiyo mama, ndiyo mama. Baadaye walinyamaza, kila mmoja akimsikiliza mwenzake akipumua. Fundi alibadilisha koleo mkono wa kulia kwenda wa kushoto. Bibi aliweka simu chini taratibu, akafunga kanga yake, akaniambia asante, akatoka. Nikachomoa kamba zote mbili kwa mkono wangu, nikavua hedifoni, nikainuka kumpisha fundi.